Maua ya Mama Ndani ya Kompyuta

Wiki iliyopita niliamka nikakuta simu yangu imejibadilisha yenyewe. Picha ya kamera iliyokuwa kulia imehamia kushoto, ile ya ujumbe imevalishwa rangi nyingine, na kile nilichozoea kukifungua kwa kidole gumba bila hata kuangalia hakipo mahali pake. Nilikasirika kuliko ilivyostahili. Wanangu wakacheka. "Mama, si usome tu jina lake," mkubwa akaniambia. Chai ikanishinda. Maneno hayo, soma tu, niliwahi kumsikia mtu akiambiwa ndani ya duka la kadi pale Kariakoo, mbele ya kompyuta iliyobadilishwa sura, na aliyeambiwa alikuwa mama yangu mzazi, ambaye hakujua kusoma.

Nalisema wazi mapema kwa sababu yeye alilificha kwa juhudi kubwa, na mimi mwenyewe nililala naye kitanda kimoja miaka tisa bila kujua. Kipindi kile nchi ilikwisha kujisifu kuwa watu wazima karibu wote wamefutwa ujinga. Madarasa ya jioni yalipita kijijini kwao, Kisarawe ya ndani, mwaka ambao yeye alikuwa anamuuguza bibi, na madarasa hayakurudi. Kwa hiyo asiyejua kusoma alikuwa na aibu mara mbili: ya kutokujua, na ya kubaki nyuma wenzake wote walipovuka. Akipewa karatasi ofisini au zahanati, alipapasa kwenye mkoba, akaguna, akasema miwani ameisahau nyumbani. Nami nilivyokuwa mtoto mwema, nilishawahi kuingia chini ya kitanda na kibatari kuitafuta hiyo miwani. Nilihuzunika kwamba mama ana macho mabovu na bado anaipoteza ovyo.

Tulikaa chumba kimoja cha kupanga, nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Mama alikuwa anapaka hina na piko. Bi Mwanne wa maua, ndivyo walivyomwita. Mkono wake ulikuwa hautetemeki. Angeweza kuanzia kwenye kucha ya bibi harusi na kupanda hadi kwenye kiwiko bila kuinua kijiti, na jani la kushoto likawa pacha wa jani la kulia. Ni kazi hiyo iliyomfikisha kwa Mama Jyoti.

Mama Jyoti alikuwa mwanamke wa Kihindi, mjane, mwenye duka la kuchapa kadi karibu na soko kuu. Alizaliwa Kariakoo na alikiongea Kiswahili chake kwa kasi kuliko sisi. Binti yake alipoolewa, mama aliitwa kumchora mikono. Mama Jyoti alikaa pembeni akiangalia, akasema, "Dada Mwanne, haya maua yako nayataka kwenye kadi zangu." Wakati ule ndiyo kwanza biashara ilikuwa imefunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa vitambaa, redio na sabuni za kila harufu, na watu waliozoea kualikana harusi kwa mdomo sasa walitaka kadi zenye ua la dhahabu pembeni. Mwenye duka la kadi alikuwa hakosi kazi.

Duka lilikuwa na kompyuta mbili. Ya kwanza, ya zamani, ilikuwa na kioo cheusi na herufi za kijani. Hiyo haikuwa na picha yoyote. Ilikukodolea kijistari kinachowakawaka, ikingoja uiandikie amri, na ukikosea herufi moja ilikataa. Mama Jyoti peke yake ndiye aliyeijua. Mama hata kuigusa hakuigusa. Ya pili ilikuja baadaye ikiwa na picha: vijumba vidogo vimepangwa kwenye dirisha jeupe, na kidude cha kushika mkononi ambacho fundi alikiita panya. Mama aliposikia hilo jina alicheka hadi akakaa chini, maana panya wa Kariakoo aliwajua vizuri. Halafu akakishika, akakisogeza kidogo mezani, na mshale ukasogea kwenye kioo. Nilikuwepo. Niliona uso wake ukibadilika.

Ile mashine haikumdai kusoma. Kikombe chenye brashi ndiyo mlango wa kuchorea. Kabati la chuma lenye droo ndiyo mahali kazi zinapolala. Ikitokea saa ya mchanga, unasubiri. Alikariri kila kitu kwa sura na mahali: wa kwanza kushoto, mstari wa tatu kutoka juu. Maneno yenyewe yalikuwa ya Kiingereza, basi hata alipoulizwa alikuwa na pa kujifichia. "Mimi Kiingereza kinanipiga chenga," alisema, na wateja wakacheka naye, maana kiliwapiga chenga hata wao. Kazi zake alizipa namba badala ya majina, kwa sababu namba alizijua kama mwanamke yeyote wa Kariakoo. Mama Jyoti alimsifu kwa hilo. Alisema hajawahi kuona mtu mwenye mpangilio namna ile.

Kwa miaka mitatu mama alichora humo. Mikorosho, mawaridi, mizabibu, tausi, na ua moja la mviringo alilolitunga mwenyewe, ambalo watu walikuja kuliulizia kutoka Mchikichini mpaka Magomeni. Hina hufutika baada ya wiki mbili. Hilo lilikuwa linamuudhi tangu usichana. Ndani ya kompyuta maua yalikaa. Jioni, kabla ya kufunga, alifungua kabati, akayapitia moja moja bila kuyafanya lolote, akafunga. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kigoda chini ya meza nikitoka shule, nikinusa gundi, wino na ubani wa Mama Jyoti. Nilidhani kila mtu mzima ana kazi anayoipenda hivyo.

Sasa nije kwenye kosa langu. Tangu nilipoanza kuunganisha silabi, mama alikuwa na desturi ya kunipa chochote chenye maandishi. Bango la dawa, karatasi ya maandazi, tangazo la umeme, barua ya mjomba. "Haya, nisomee nikusikie." Kisha, "Rudia." Kisha mara ya tatu, huku midomo yake ikicheza polepole. Nilidhani ananipima. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alifanya vile vile: alijua kilichoandikwa ubaoni, lakini alitaka kuona kama wewe unajua. Kwa hiyo kumsomea mama ilikuwa mtihani, na mtihani una ujanja wake. Neno gumu nililiruka. Sentensi ndefu niliikata. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilingoja kofi, mama akasema tu, "Vizuri mwanangu." Nikaona amenisamehe. Nikazoea.

Siku moja Mama Jyoti alimwambia mama kuwa ameagiza mfumo mpya wa kompyuta, wa kisasa, ambao mjini kote wanauhamia. Ule wa zamani ungeondolewa. Yeye alikuwa anasafiri wiki nzima kwenda Tanga kwenye msiba wa kaka yake, na fundi angekuja Jumamosi. Alikuwa ana haraka, teksi inamngoja, wateja wamejaa mlangoni. Akaandika maagizo yote kwenye karatasi, akamtia mama mkononi, akasema, "Kila kitu nimekuandikia humo, dada. Kwa Kiswahili kabisa, usihangaike." Alidhani anamrahisishia. Mama akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la khanga.

Nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, akaniita. "Nisomee nikusikie." Nje wenzangu walikuwa wameshachora mistari ya rede na walikuwa wanahesabu watu. Mwandiko wa Mama Jyoti ulikuwa wa kuunganisha, herufi zimelaliana. Mistari mitatu ya kwanza ilinipita vizuri: washa kompyuta asubuhi na usubiri picha zitokee, maliza kadi za harusi ya Jumapili, funika mashine ya kuchapia kwa sababu ya vumbi. Mstari wa nne na wa tano ilikuwa imekatwakatwa na kuandikwa upya juu, na nikaona neno refu nisilolijua. Kusitasita mbele ya mama sikutaka. Nikaruka. Nikaendelea, sauti ile ile, hakuna kukatika: Jumamosi saa tatu fundi atakuja, mfungulie, mpe chai, asiondoke kabla hajamaliza, ufunguo uondoke nao. Mama akasema, "Rudia." Nikaruka tena. Mara ya tatu niliruka bila hata kufikiri, nikakimbilia rede.

Laiti Mama Jyoti angeweka namba pembeni ya mistari, mama angejua kuna namba hazikutajwa. Hakuweka.

Jumamosi hakukuwa na shule, nikafuatana naye. Fundi alikuwa kijana mchangamfu mwenye mkoba wa disketi. "Shikamoo mama. Mambo, mdogo wangu?" Mama akamfungulia, akamwekea chai na vitumbua kama alivyoagizwa. Kijana akakaa, akavipasha vidole moto.

"Bi Mwanne, kila kitu tayari? Nianze?"

Mama alifikiri kidogo. Niliona midomo yake ikicheza. Alikuwa anapitia mistari kichwani. Asubuhi zote ameiwasha, kadi zimekwisha, mashine imefunikwa, fundi amefunguliwa, chai ipo.

"Kila kitu tayari," akasema.

Ilichukua muda mrefu. Disketi ziliingia na kutoka, moja baada ya nyingine, na mashine ikawa inakoroma. Kioo kilibaki cheusi, maandishi meupe yakapita, kikawa cheusi tena. Mwishowe ikatokea rangi tupu ya bluu iliyopauka. Vijumba vilikuwa vimebaki vichache, vimejibanza upande wa kushoto. Chini kabisa kwenye kona palikuwa na kitufe, na fundi alipokibonyeza, orodha ya maneno ikapanda juu, ikafungua orodha nyingine ubavuni, na nyingine tena ubavuni mwa hiyo.

"Mambo mapya haya, mama. Hakuna tena kuhangaika na vidirisha. Unabonyeza hapa, halafu unasoma tu unachotaka."

Mama aliitazama ile orodha. Maneno yalikuwa mengi, yote meusi, yote yamefanana. Alikuwa anatafuta kabati.

"Na maua yangu?" akauliza.

"Maua gani?"

"Yaliyokuwa humu. Ya kadi."

Kijana akaacha kukunja waya. "Nimefuta kila kitu, mama. Lazima ufute ndipo uweke mpya. Si mliambiwa mtoe vyenu kwanza? Nilimwambia mwenye duka kwenye simu, akasema atakuachia maagizo."

Mama alivuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta, akaweka mkono juu ya panya bila kuisogeza. Fundi alijaribu kusema kuwa labda yapo kwenye ile ya zamani, mama akatikisa kichwa. Sikujua bado nimefanya nini, lakini nilijua kuna mistari miwili ambayo haikupita mdomoni mwangu.

Jumatatu Mama Jyoti alirudi. Nilitoka shule moja kwa moja nikawakuta wamesimama pande mbili za meza. Nilimwamkia, hakuitikia. Alikuwa amevaa sari nyeupe ya msiba na macho yake yalikuwa mekundu. Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali.

"Dada Mwanne, miaka mitatu. Kadi zote watu wanazoulizia. Lile ua la mviringo. Nilikuandikia."

"Uliniandikia," mama akasema.

"Nilikuandikia utoe kila kitu kwenye disketi. Karatasi iko wapi?"

Mama akaifungua kwenye khanga. Ilikuwa imelainika kama kitambaa. Mama Jyoti akaitandaza mezani. "Hii hapa. Labda mimi nimechanganyikiwa na msiba. Hebu nisomee nilivyoandika."

Nilifikiri mama atasema miwani. Nadhani hata yeye alifikiria, na akaona kwamba leo miwani haitamwokoa, maana aliyesahau miwani angepaswa kusema hivyo wiki iliyopita. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza kusoma.

Alisoma vizuri. Sauti yake ilikuwa tulivu, hakukosa neno. Washa kompyuta asubuhi, usubiri picha zitokee. Kidole kikashuka. Maliza kadi za harusi ya Jumapili. Kikashuka. Funika mashine ya kuchapia kwa sababu ya vumbi. Kikashuka tena, kikasimama juu ya mstari wa nne, ule uliokatwakatwa, na mama yangu akasoma kwa sauti ile ile: "Jumamosi saa tatu fundi atakuja, mfungulie."

Kidole kikahamia wa tano. "Mpe chai."

Aliendelea hadi maneno yakamwishia na karatasi ikiwa bado ina mistari miwili. Kidole kikabaki hapo. Akaiangalia ile mistari miwili ya chini ambayo haikuwa na sauti, na hapo akaelewa. Mama Jyoti naye akaelewa. Mimi nilielewa wa mwisho, nikiwa nimesimama na begi mgongoni: hakuwa ananipima. Hakuwahi kunipima hata siku moja.

Mama Jyoti aliichukua karatasi taratibu, akaikunja. "Mwandiko wangu mbaya, dada," akasema. "Hata mimi wakati mwingine siusomi. Kosa langu. Tutachora upya, wewe na mimi, tutaanza na lile la mviringo." Alikuwa anasema kwa upole mkubwa, na kila neno la upole lilimpunguza mama kimo mbele ya macho yangu. Angemtukana, mama angejibu. Bi Mwanne hakuwa mnyonge wa maneno.

"Ahsante, Mama Jyoti," akasema. "Pole na msiba." Akajitanda khanga, akanishika mkono, tukatoka.

Tulipita katikati ya mikokoteni na watu wa mitumba. Karibu na nyumbani sikuweza tena kujizuia. Nikamwambia, nikilia, kuwa mwandiko ulikuwa mgumu, kuwa niliruka, kuwa nilidhani yeye anajua kilichoandikwa.

Mama akasimama. "Ulidhani najua?"

"Ndiyo."

Akacheka kidogo, kicheko kilichoishia puani. "Basi nilikuficha vizuri," akasema. "Futa kamasi."

Hakunipiga. Hakumwambia mtu. Mama Jyoti alikuja nyumbani mara mbili kumwomba arudi, akaleta hadi chapati za mtama. Mama alimkaribisha, akamwandalia chai, akamwambia mikono inamuuma. Alirudia hina na piko, maua ya wiki mbili. Mimi nilingoja aniite na karatasi. Nilijiapiza kuwa nitasoma kila herufi, hata alama za mkato. Nilijipitisha mbele yake na gazeti. Hakuniita tena.

Miaka ilipita, nikachaguliwa kwenda sekondari ya bweni, mkoani. Bahasha ilipoletwa kutoka shuleni nilikuwa nimekaa barazani nachambua mchele. Ndani yake kulikuwa na orodha ya vitu vya kwenda navyo, ukurasa mzima. Mama aliipokea, akanipita pale pale nilipokaa, goti langu likagusana na khanga yake, akavuka mtaa hadi dukani kwa Mama Shirima, yule Mchaga wa kona. Nilimwona kwa mbali akimpa karatasi. Baadaye Mama Shirima aliniambia kwa utani, "Mama yako kanisomesha mara tatu, nikadhani mimi ndiye naenda shule." Nilicheka naye, kisha nikaenda msalani kulia.

Siku ya kufika bwenini, matroni alituamuru tufungue matranka tukaguliwe. Ndoo na jembe vilikuwa vimefungwa pembeni kwa kamba. Nikaiweka orodha gotini, nikaanza kutoa. Shuka mbili nyeupe. Foronya. Taulo. Sahani, kikombe, kijiko. Kila nilichokitoa juu kilikuwa ndicho kilichofuata kwenye karatasi. Alikuwa amepakia kuanzia mwisho ili nitoe kuanzia mwanzo. Msichana wa kitanda cha pili alikosa pasi, mwingine alikosa viatu vya michezo. Mimi niliendelea kutoa hadi nikafika chini kabisa ya tranka, kwenye sindano na uzi mweusi. Mama hakuwa ameruka hata mstari mmoja.